Nyasi Zilizodumu Kuliko Marumaru

Mobutu Sese Seko alipotaka kasri, aliagiza marumaru. Gbadolite, mji mdogo wa kwao kaskazini mwa Kongo, ukapata makasri, hoteli, na uwanja wa ndege wenye njia ndefu iliyotosha kutua Concorde. Kawele, nje kidogo ya mji, yakaongezwa hata majengo ya mtindo wa Kichina yenye mapaa yaliyojikunja pembeni. Mei 1997 utawala ulipoanguka, kila kilichoweza kung'oka kiling'olewa. Zimebaki kuta na magugu.

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, juu ya kilima cha Kasubi huko Kampala, mfalme mwingine alijenga kasri kwa matete, fito na nyasi. Alikuwa Kabaka Muteesa wa Kwanza wa Buganda, na mwaka ulikuwa 1882. Nyumba hiyo imeezekwa upya mara nyingi, na mara moja iliungua yote. Lakini ipo, na mgeni anayeingia bado anavua viatu mlangoni.

Hapo ndipo penye fumbo la majumba ya wafalme wa Maziwa Makuu. Yalijengwa kwa vitu vinavyooza na kuungua, na waliojenga walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kilichotegemewa kudumu hakikuwa ukuta. Zilikuwa koo, zamu na majukumu yaliyorithiwa, mfumo mzima wa watu ambao kazi yao ni kuhakikisha nyumba ya mfalme haikosi paa.

Wakazi wa Goma wanaofuatilia tamthilia za Kikorea, kama ile maarufu ya Dae Jang Geum ya mwaka 2003, wana picha yao ya kasri: lango kubwa, ua baada ya ua, mapaa ya vigae vizito, mawaziri wamejipanga kwa safu. Picha hiyo si ya uongo. Kasri la Gyeongbokgung mjini Seoul lilijengwa mwaka 1395, miaka mitatu baada ya ukoo wa Joseon kushika utawala, likiwa na mlima mgongoni na lango kuu likitazama kusini. Mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi yamesimamishwa mawe yenye kuonyesha cheo cha kila ofisa, wa kiraia upande wa mashariki na wa kijeshi upande wa magharibi. Ndani ya eneo hilo kuna banda la karamu liitwalo Gyeonghoeru, limesimama ndani ya bwawa juu ya nguzo 48 za mawe. Nguzo za nje ni za pembe nne na za ndani ni za mviringo. Kasri la pili, Changdeokgung la mwaka 1405, halikufuata mstari ulionyooka. Majengo yake yanakwenda na mteremko wa ardhi, na nyuma yake kuna bustani ya msitu na mabwawa ambayo wachache tu waliruhusiwa kuikanyaga.

Ukiondoa vigae na mawe, ukabaki na mpango wenyewe, kilima cha Muteesa kinafanana na Seoul kuliko mtu angedhani. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Muteesa mwaka 1862, na Henry Morton Stanley akamfuata mwaka 1875. Wote wawili waliandika juu ya ukubwa na unadhifu wa makao ya mfalme: nyumba kubwa za nyasi zilizofunika kilima, nyua za matete yaliyosukwa, barabara pana zilizopanda moja kwa moja hadi langoni. Mfalme alikaa kileleni. Wakuu wa majimbo walipewa viwanja chini yake, kila mmoja upande unaoelekea jimbo analolitawala, hivi kwamba aliyesimama juu ya kilima aliisoma nchi nzima kwa kugeuka tu. Kutoka ua wa kwanza hadi wa mwisho idadi ya walioruhusiwa kupita ilipungua, kama Seoul, na kila lango lilikuwa na walinzi wake.

Tofauti kubwa ilikuwa moja. Kasri la Korea lilikaa mahali pamoja na wafalme wakapita. Buganda ilikuwa kinyume: kabaka mpya alichagua kilima kipya, na wengine walihama zaidi ya mara moja katika utawala wao. Mji mkuu mzima ulibebwa. Kwa mjenzi wa mawe huo ni wazimu, lakini kwa anayejenga kwa matete ni kazi ya miezi, mradi watu wapo na kila ukoo unajua zamu yake.

Kasubi ilibaki mahali pake kwa sababu ya kifo. Kabla ya Muteesa, makabaka walizikwa kwa desturi ambayo taya la mfalme lilitenganishwa na mwili na kutunzwa katika nyumba yake peke yake. Muteesa aliagiza azikwe mzima, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa ndani ya kasri lake mwenyewe. Nyumba ya kuishi ikawa nyumba ya kaburi. Mwanawe Mwanga wa Pili, aliyekamatwa na Waingereza na kufia Visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, alirudishwa kuzikwa hapo mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili akafuata mwaka 1939. Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969 na mwili wake ukarudishwa mwaka 1971. Wafalme wanne, paa moja.

Jengo lenyewe linaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni la mviringo, lina upana wa mita 31 hivi kwa nje, na ndani kimo chake ni kama mita saba na nusu. Paa linaanzia kileleni na kuteremka karibu kugusa ardhi, kiasi kwamba kwa mbali mtu huona nyasi tu, bila ukuta. Anayeinua macho akiwa ndani huona pete za matete zilizofungwa moja ndani ya nyingine kutoka ukingoni hadi kileleni. Ziko 52, na Waganda huzihesabu kuwa koo 52 za nchi yao. Nyuma ya nguzo kumetundikwa pazia kubwa la kitambaa cha gome la mti, na nyuma ya pazia ni msitu mtakatifu, kama wenyewe wanavyosema, ambamo wafalme wanaishi. Mgeni haingii huko. Anakaa juu ya mikeka, anasikiliza, anatoka.

Kitambaa hicho kinastahili kusimuliwa kidogo. Hutoka kwenye mti wa mutuba. Gome huchunwa wakati wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi mpaka linapanuka, linalainika na kupata rangi ya udongo wa matofali. Shina lililochunwa hufungwa majani ya migomba lisikauke, na gome jipya linaota ili livunwe tena msimu mwingine. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Kazi hii kwa kabaka ni ya ukoo wa Fisimaji. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Mbega, na kupamba ni ya ukoo wa Chui. Mtu wa ukoo mwingine, hata awe hodari namna gani, hapandi juu ya paa hilo. Wakati wa kuezeka wanawake hawaruhusiwi kuingia, na waezekaji wenyewe hushika miiko.

Msomaji wa leo anaweza kuiona miiko hiyo kuwa kero, hasa huo unaowafungia wanawake nje. Ana haki ya kuuliza. Lakini kiufundi ilikuwa na faida isiyo ndogo: ilifanya kazi isiwe na mwenyewe mmoja anayeweza kufa nayo. Baba wa ukoo wa Mbega alipanda na mwanawe, na mtoto akajua unene wa tita la nyasi kabla hajajua kusoma.

Eneo lote la Kasubi ni karibu hekta 27, na sehemu kubwa yake ni mashamba. Mgeni anapita kwanza nyumba ya lango, Bujjabukula, halafu ua mdogo wenye nyumba ya ngoma, Ndoga Obukaba, kisha ua mkuu uliozungukwa na uzio wa matete. Pembeni mwa ua huo kuna nyumba za wanawake wanaotumikia makaburi, wanaohesabiwa kuwa wajane wa wafalme na wanaopokezana nafasi hiyo kizazi kwa kizazi. Nyuma kuna makaburi ya wana wa mfalme, halafu migomba. Bustani ya kasri la Seoul ilikuwa ya kutazama, ya Kasubi ni ya kulisha wakazi. Wafanyabiashara wa Goma wanaokwenda Kampala kununua bidhaa katika mtaa wa maduka wa Kikuubo hulala siku mbili tatu kilomita chache tu kutoka hapo, na wengi hurudi bila kujua.

Usiku wa Machi 16, 2010 Muzibu Azaala Mpanga iliungua. Nyasi kavu zilizorundikwa kwa miaka hazikutoa nafasi ya kuokoa chochote. Siku iliyofuata Rais Yoweri Museveni alipofika, umati uliojaa hasira ulijaribu kumzuia, askari wakafyatua risasi na watu wakafa. Mwaka huohuo UNESCO, ambayo ilikuwa imeliweka eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ililihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Miaka miwili kabla, Februari 2008, Seoul nayo ilikuwa imelia. Sungnyemun, lango la mbao la mji lililojengwa mwaka 1398, liliteketezwa na mzee mwenye kinyongo juu ya fidia ya ardhi yake. Wakorea hawakuwa wageni wa msiba huo, kwani Gyeongbokgung lenyewe liliungua mwaka 1592 wakati Wajapani walipovamia, likakaa gofu kwa zaidi ya karne mbili na nusu, likajengwa upya miaka ya 1860 na kubomolewa kwa sehemu kubwa chini ya ukoloni wa Japani. Sungnyemun ilifunguliwa tena Mei 2013, imejengwa kwa mbao za misonobari na zana za kale, kazi ikiongozwa na mafundi wanaotambuliwa na serikali. Tangu mwaka 1962 Korea Kusini ina sheria inayomlinda fundi wa jadi kama inavyolilinda jengo.

Hata hivyo rangi ya lango hilo ilianza kubanduka miezi michache tu baadaye. Uchunguzi ulionyesha kwamba fundi aliyesimamia upakaji alichanganya rangi na gundi za kiwandani, kwa sababu mbinu ya asili ya kutengeneza rangi hizo ilikuwa imekatika na hakuimudu. Nchi tajiri, yenye sheria, fedha na kumbukumbu za maandishi, ilikwama kwenye gundi. Kisa hiki kingepaswa kusomwa katika kila wizara ya utamaduni ya Afrika.

Kasubi ilikuwa na shida iliyo kinyume. Mafundi wa ukoo wa Mbega walikuwapo, kilichokosekana ni fedha, makubaliano na kinga dhidi ya moto. Ujenzi ulichukua zaidi ya miaka kumi. Nguzo za zege na chuma zilizowekwa wakati wa ukarabati wa mwaka 1938 zilisaidia mifupa ya jengo, Japani ikachangia kupitia UNESCO, vifaa vya kuzima moto vikawekwa, na vijana wa ukoo wakafundishwa kuezeka na wazee wao. Septemba 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya hatari. Wapo wanaonung'unika kwamba jengo lenye zege ndani si lile la Muteesa. Hoja yao ina uzito mdogo. Hakuna unyasi hata mmoja wa mwaka 1882 uliokuwa umebaki kwenye paa lile lililoungua.

Upande wa Rwanda hadithi ni nyingine. Wafalme wa huko nao walihamahama hadi Yuhi wa Tano Musinga alipotulia Nyanza mwaka 1899. Leo kwenye kilima cha Rukari kumejengwa upya nyumba kubwa ya mviringo kwa mfano wa ile ya karne ya 19, ikiwa na ua wa matawi, kitanda cha mfalme na jiko ambalo moshi wake ulifukuza wadudu kwenye nyasi. Nyuma yake ziko nyumba mbili ndogo. Moja ilikuwa ya maziwa, ikitunzwa na msichana ambaye hajaolewa. Ya pili ilikuwa ya pombe, ikitunzwa na kijana ambaye hajaoa. Ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu kupita kiasi hufugwa pale hadi sasa, na wachungaji huwaimbia. Ukitaka kujua utawala ulithamini nini, tazama kilichopewa nyumba yake: Seoul ilikuwa hati na vyeo, Nyanza ilikuwa maziwa.

Musinga mwenyewe hakufia Nyanza. Wabelgiji walimwondoa mwaka 1931 kwa kukataa ubatizo na kutowatii, na akafia uhamishoni Moba, huku kwetu Kongo, mwaka 1944. Mwanawe Mutara wa Tatu Rudahigwa alijengewa nyumba ya matofali ya kizungu hatua chache kutoka hapo. Kwa hiyo kilima kimoja kinaonyesha kasri la nyasi na kasri la ukoloni yakitazamana. Mtembezi makini ataona lipi linavuta wageni zaidi.

Na Kongo? Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, katika eneo la Uele kaskazini mashariki mwa nchi. Alipokewa katika ukumbi ambao, kwa makadirio yake, ulikuwa na urefu wa mita 30 na kimo cha zaidi ya mita 10, wote ukiwa umejengwa kwa vikonyo vya miwale vilivyong'arishwa mpaka vikameta. Alikuwa mtu wa sayansi, na bado alikiri kwamba hakutegemea kuona jengo kama lile. Miaka michache baadaye Mbunza aliuawa, ufalme ukagawanyika. Ukumbi haupo. Tunaujua kwa maneno na michoro ya mgeni mmoja.

Hapo ndipo sisi wa Kivu tunapoguswa. Kivu ya Kaskazini ina bami wake, yaani machifu wa jadi (mmoja huitwa mwami), hadi leo: Bukumu jirani kabisa na Goma, Bwisha na Bwito huko Rutshuru, Bahunde na Bashali huko Masisi, Baswagha na Bamate huko Lubero, Watalinga huko Beni. Sheria ya Agosti 25, 2015 inawatambua machifu wa jadi na kueleza hadhi yao. Juu ya nani alisuka uzio wa mwami, nani aliruhusiwa kupanda paa, ngoma ilikaa upande gani wa ua na moto uliwashwa na nani, maandishi ni machache mno. Makao mengi ya bami sasa ni nyumba za matofali na mabati, jambo ambalo halina ubaya wowote. Ubaya ni kuyaacha maarifa ya zamani yaishe na wazee katika nchi ambayo vita vimewahamisha watu vijiji kwa vijiji.

Goma ni mji unaojua kujenga upya. Lava ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji Januari 2002, watu walirudi na mbao zao wakasimamisha nyumba juu ya jiwe ambalo halijapoa sawasawa. Hakuna haja ya kuwaeleza wakazi wake kwamba nyumba inaweza kwenda na ujuzi ukabaki.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna babu aliyewahi kuezeka nyumba ya mwami, au bibi aliyeishi ndani ya ua wake, usingoje mradi wala shirika. Kaa naye, washa simu, rekodi. Muulize majina ya nyasi na mwezi wa kuzikata, idadi ya milango, nani alipita mlango upi. Andika majibu kwa lugha yake aliyokuambia, na nakala moja mpelekee mwalimu wa shule ya jirani.